Magunia Mawili ya Mkwe

Haya nimeyapata kwa jirani yangu Mama Chai, Jumanne iliyopita, tukianua nguo kabla mvua haijashuka. Yeye ndiye aliyekuwa mpika chai wa kile kiwanda, na siku yenyewe alikuwa ndani ya chumba kile, birika mkononi. Yaliyofuata nyumbani aliambiwa baadaye na mwenyewe. Mimi chumvi sijatia. Labda pilipili kidogo.

Mnakumbuka tulipomwacha Mama Mizani. Mkaguzi wa serikali amefungua mkoba, ametoa kitu kilichofungwa kwa gazeti, amekiweka mezani. Gazeti likafunuka lenyewe.

Mota. Ukubwa wa ngumi, imeungua upande mmoja, na ubavuni ina namba ya kiwanda chao.

"Hii, mama," mkaguzi akasema, "imeokotwa kwenye vifusi vya zahanati, ng'ambo ya mpaka."

Mama Chai anaapa kwamba hata feni ya dari ilipunguza mwendo.

Kwa aliyejiunga nasi leo, nimweleze upesi. Kiwanda kile kinatengeneza mota za droni, zile za kunyunyizia dawa mashambani. Lakini mota haijui imebebeshwa nini. Ukiipa dawa ya wadudu itaruka nayo, ukiipa bomu itaruka nalo. Ndiyo maana, tangu vita vianze kwa majirani, serikali iliwaambia watengenezaji wote wa vitu vya namna hiyo, vitu vyenye kazi mbili, kwamba hakuna tena habari ya nimeuza, nimemaliza. Mtengenezaji lazima amjue atakayetumia mwisho kabisa, awe na barua yake, na azidi kumfuatilia. Akinusa mashaka asimamishe mzigo, atoe taarifa. Na pale kiwandani awepo mtu mmoja wa kutia saini kwamba hayo yote yamefanyika.

Mtu huyo alikuwa Mama Mizani.

Tena utaratibu wa kumfuatilia mteja aliubuni yeye mwenyewe. Mteja akichukua mota mpya mia mbili, asipewe mzigo mwingine mpaka arudishe kuukuu mia mbili. Shambani mota hufa kwa kuliwa na dawa, ila maiti yake hubaki. Vitani droni ikienda imekwenda. Kwa hiyo anayerudisha ni mkulima, na asiyerudisha mwulize vizuri. Serikali iliusifu utaratibu huo mpaka ikamwandikia barua ya pongezi, na barua ikatundikwa ukutani.

Mkaguzi alikuwa ameketi chini ya barua hiyohiyo.

"Namba hii ni ya shehena ya pili," akasema. "Karatasi yako inasema shehena ya pili ilirudi yote, chakavu. Saini yako hii. Sasa nifahamishe, mama. Ilirudi kwako, halafu ikaondoka yenyewe kwenda vitani?"

Mama Mizani hakujibu kwa pupa. Ni mtu wa polepole, hata moto wake jikoni hauna haraka. Akavuta daftari, akalamba kidole, akafunua. Ilirudi, akasema. Magunia mawili, kilo hamsini. Alipima kwa mkono wake.

"Ulipima. Namba ulizisoma?"

Hapo ndipo palipouma. Dawa ya shambani hula namba. Katika mota kumi kuukuu utasoma tatu, tena kwa kioo cha kukuzia na jicho moja umelifumba. Mia mbili ni kazi ya siku mbili. Mwanzo alikuwa akizisoma. Kisha bosi akamjia juu, kwamba mzigo unakaa, wateja wananuna, chuma ni chuma, dada yangu, wewe pima tu. Akapima. Wafanyakazi wakampa jina la Mama Mizani na yeye akalipenda.

Akamtazama bosi. Bosi akatazama dari.

"Mimi saini yangu haipo hapo," bosi akasema. "Iliyopo ni ya huyu mama. Kazi yangu ni kuuza."

Miaka ishirini na sita alikuwa akimwita dada yangu. Leo amekuwa huyu mama.

"Kuuza tu ndilo kosa lenyewe, mzee," mkaguzi akamwambia. "Kibali cha kusafirisha kina jina la kiwanda. Yeye atajibu ya saini, wewe utajibu ya kiwanda. Keti."

Bosi akaketi kama aliyekatwa miguu.

Mkaguzi akataka kuona kuukuu zenyewe. Mizigo minne imerudi, basi kuna magunia manane, si ndiyo? Ndiyo. Wakatoka wakiongozana, Mama Chai naye nyuma na birika lake, na hakuna aliyemuuliza anamfuata nani.

Stoo ya chakavu iko nyuma ya karakana, ina mlango wa bati na kufuli kubwa kama kitasa cha jela. Mtunza stoo wanamwita Funguo, mzee mwenye maneno mengi kuliko funguo zake. Alipomwona mkaguzi, maneno yakamkauka. Akafungua.

Magunia mawili.

Mama Mizani akazunguka nyuma ya mapipa. Akainua turubai. Akarudi palepale. Mawili.

"Mengine yalikwenda kwa wayeyusha chuma," Funguo akasema. "Kila mwezi yanakwenda."

Akaulizwa na nani. Funguo akaanza kujikuna shingo, akajikuna mpaka ikawa nyekundu, akatafuta pa kuweka macho asipapate.

"Na dereva wetu. Mkweo, mama."

Mkaguzi akapiga simu palepale kwa wayeyusha chuma, akaiachia sauti wote wasikie. Aliyepokea alikuwa mtu wa mizaha. Mota? Kutoka kiwanda kile? Jamani, akasema, nyinyi hamjaniletea hata msumari tangu mwaka jana, nikadhani mmehamia kwenye ufugaji.

Hakuna aliyecheka.

Mama Mizani akaketi juu ya gunia, na kadiri alivyokaa ndivyo mambo yalivyojipanga kichwani mwake, moja baada ya jingine, kama watoto wanaoitwa majina. Anayepeleka mota mpya kwa mteja ni mkwe wake. Anayerudi na kuukuu ni mkwe wake. Anayezitoa kuukuu stoo eti azipeleke zikayeyushwe, ni yuleyule. Magunia yalikuwa mawili tangu mwanzo. Yalitoka kwa mlango wa nyuma, yakazunguka mji, yakarudi kwa mlango wa mbele, na yeye akayapokea, akayapima, akatia saini. Mara ya kwanza halali. Mara ya pili yaleyale. Mara ya tatu yaleyale. Mara ya nne akayasifu kwamba uzito wake haupungui hata nusu kilo.

Utauliza, mtu makini kama yule, alishindwaje kulitambua gunia moja mara nne?

Nami nakuuliza, wewe mkweo akikushushia gunia, utalimwaga sakafuni mbele ya vijana wa karakana uanze kulipekua, kana kwamba umemshika na kuku wa watu? Kijana alikuwa akifika anainama, shikamoo mama, anaomba asisumbuke, anayapandisha magunia kwenye mizani yeye mwenyewe. Mama Mizani alifungua mdomo wa gunia kidogo tu, akachungulia, akafunga. Wakulima wengine alikuwa akiwamwagia mizigo yao chini bila kuwaonea haya. Wa mkwe hakumwaga. Hiyo ilikuwa heshima yake, na juu ya heshima hiyo watu walikuwa wamepitisha gari.

Na kazi ile ya udereva, aliyemwombea ni yeye.

"Yuko wapi sasa?" mkaguzi akauliza.

Ametoka saa kumi na mbili asubuhi, Funguo akasema, na shehena ya tano. Simu yake imezimwa. Mkaguzi akauma midomo. Njia za mpakani ni mbili, akaeleza, moja ya darajani na moja ya machimbo, na yeye ana gari moja la askari. Malori huvuka kuanzia saa kumi na moja jioni. Likishavuka, basi.

"Mota mia mbili, mama. Droni moja inakula nne. Fanya hesabu, ni mapaa mangapi yatapigwa."

Hamsini. Mama Mizani hakuhitaji kalamu.

Walirudi ofisini. Mkaguzi akapanga mezani barua za mteja, zile za kuapa kwamba mota zitatumika mashambani tu. Aliyezitia saini, akasema, ana kitambulisho cha mtu aliyekufa miaka sita iliyopita. Mkwe ni wa usukani tu. Nyuma yake yupo mwenye kalamu, na bila huyo hatajua mzigo umepita wapi. Mama hana mtu anayemshuku?

Barua zile Mama Mizani alizikagua zote zilipoingia. Alikagua mhuri, tarehe, anwani. Mwandiko hakuukagua, mwandiko si kitu cha kukaguliwa. Sasa akavaa miwani, akatazama ile mistari iliyojazwa kwa mkono.

Akaiona herufi ya h.

Ilikuwa h iliyokunja mguu kwa nyuma, kama mtu anayetaka kukaa na hakuna kiti. Duniani kuna mtu mmoja tu anayeandika h hiyo. Alimfundisha yeye, kwa chaki, mgongoni mwa sinia, jikoni. Alimrekebisha mpaka akachoka, akaiacha ikae hivyohivyo.

Binti yake. Wa pekee.

Mama Chai aliyekuwa akimimina chai anasema alimwona akivua miwani, akiifuta, akiivaa tena, akiivua. Kisha akasema kwa sauti ileile ya siku zote kwamba hamshuku mtu, ila aruhusiwe aende nyumbani, huenda mke wa dereva anajua mumewe amepita wapi. Bosi akadakia kwamba kwanza aache kitambulisho cha kazi. Akakiacha. Mkaguzi akamtazama kwa muda mrefu, akampa namba yake.

"Njia niipate kabla ya saa kumi na moja. Jina, una mpaka saa kumi na mbili jioni. Jina silijui, saini naijua. Usiponipa jina, nitaondoka na mwenye saini. Siwezi vinginevyo, mama yangu."

Alifika nyumbani saa nane mchana. Binti alikuwa jikoni, simu mbili mezani, macho mekundu ya mtu asiyelala. Alikuja tangu juzi na begi, akisema amemkumbuka mama yake tu. Mama Mizani alifurahi, akabadili mashuka. Sasa akaelewa kwamba hakuja kwa mapenzi. Alikuja kukaa karibu na habari.

"Umewahi leo, mama."

"Wamenipumzisha."

Hakumuuliza lolote. Akapasha chakula, akampakulia, akamkalia mbele. Binti akala kwa njaa, mkono mmoja kwenye sahani, mwingine kwenye simu. Mama akasubiri mpaka sahani ilipofika nusu.

"Hiyo h yako," akasema, "nilikwambia uirekebishe ukiwa na miaka sita."

Mkono ukasimama hewani. Binti hakuuliza h gani. Hakulia pia, na hilo ndilo lililomkata mama yake maini. Akasukuma sahani, akafuta mdomo, akaanza kusema kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Kampuni inayonunua mota ni yake. Shehena ya kwanza waliwauzia wakulima kweli. Halafu akatokea mtu mwenye bei mara tatu. Mumewe aliogopa wiki nzima, hakula.

"Aliogopa nini?"

"Alikuogopa wewe. Mimi ndiye niliyemtoa hofu. Nilimwambia mama yangu namjua, hatamwaga gunia la mkwewe."

Mama Mizani alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka chini taratibu, kikalia kidogo kwenye kisahani. Wizi wa magunia ulimuuma, mwandiko ulimuuma, lakini hili lilipita kote likaenda kukaa penyewe. Mwanawe alikuwa ameipima heshima yake, akaujua uzito wake, akaiuza.

"Ile shehena ya pili ilipiga zahanati," mama akasema.

"Hatuna tunayemjua kule."

"Kulikuwa na wagonjwa."

"Mama, vita havikuanzishwa na mota zetu. Sisi tusingeuza, wangeuza wengine." Akasogea, akamshika mkono, sauti ikalainika, ikawa ile ya zamani ya kuomba ruhusa. "Sema ulikosea kupima. Umri wako huo, mtu mwenye barua ya pongezi, watakuonea huruma. Watakupa onyo, utapumzika, tutakutunza. Ile nyumba yetu ina chumba chako. Sisi tukiingia ndani, hatutoki leo wala kesho."

Kwa hiyo haikutosha kumtumia. Alitakiwa pia akavae kesi yenyewe, aifunge vifungo mpaka shingoni.

Mama Mizani akautoa mkono wake. Kisha, kwa upole, akasema sawa. Lakini kama atasema uongo mbele ya serikali, basi ajue kila kitu, asije akajikwaa. Mzigo wa leo umepita njia ipi?

"Darajani," binti akajibu papo hapo. "Wametoka saa kumi na mbili, wamesimama kunywa chai pale penye kituo cha mafuta cha zamani, kuna mtu wa kofia nyeupe amewapokea, lori la bluu, wamepakia na vitunguu juu yake."

Mama akatikisa kichwa kwamba amesikia.

Na alikuwa amesikia. Huyu mtoto tangu mdogo, ukweli wake ulikuwa wa maneno mawili. Uongo ndio aliokuwa akiupamba. Alipovunja jagi, alisema ni paka, akaeleza rangi ya paka, akaeleza na nyumba alikotoka. Lori la bluu, kofia nyeupe, vitunguu. Kama njia ni mbili, na hii imepambwa kiasi hiki, basi iliyobaki haina pambo hata moja.

"Nenda ukalale," akamwambia. "Umekonda uso. Nitasema nilikosea kupima."

"Kweli, mama?"

"Nishawahi kukudanganya?"

Hakuwa amewahi. Ndiyo maana binti alimwamini. Akamkumbatia shingo, akaingia chumbani, akajitupa kwenye kitanda cha mama yake na viatu vyake, na kabla mama hajamvua kiatu cha pili alikuwa ameshazama usingizini. Akamfunika. Simu zake mbili akazichukua, akazizima, akazitia kabatini chini ya mashuka.

Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda kilekile, akatoa simu yake na kuanza kuandika, herufi moja baada ya nyingine, kwa kidole kimoja. Binti alikuwa akipumua karibu yake kama alivyokuwa akipumua alipokuwa mtoto mchanga. Alifuta mara mbili. Mara ya tatu akaacha.

"Msiende darajani. Pitieni machimbo. Mwenye kalamu ni binti yangu, amelala kwangu."

Akabonyeza.

Akafunga mlango wa nje kwa ufunguo, ufunguo akautia kifuani. Akatandika khanga mbili sakafuni, akaketi, mgongo kwenye mlango, miguu imenyooka. Anayetaka kutoka itabidi amruke. Ilikuwa saa tisa na nusu, jua limejaa dirishani, nje watu wanauza na kununua na kubishana kama kawaida. Alikuwa hajalala siku mbili, tangu mkaguzi alipopiga simu ya kwanza. Macho yakawa yanamwibia, anayarudisha. Saa kumi ikapita. Saa kumi na robo. Malori yangeanza kuvuka baada ya dakika arobaini na tano.

Simu ikaita kwa ujumbe.

"Tumelikamata, machimbo. Mota zote zimo. Ahsante mama."

Akafumba macho. Kifua kikashuka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mapaa hamsini, akasema moyoni. Angalau hayo hamsini.

Simu ikaita tena.

"Mkweo anasema mpango wote ulikuwa wako, wao walishindwa kukukatalia. Ametoa karatasi ya kugawana pesa, ina saini yako. Nimeilinganisha, ni yako kabisa. Nakuja saa kumi na mbili na askari. Usitoke, na usiongee na binti yako."

Akausoma mpaka mwisho. Akausoma tena, taratibu, kila neno. Karatasi hiyo hakuwahi kuiona. Akageuza shingo kuelekea chumbani. Kupitia mlango ulio wazi aliuona mkono wa binti yake umening'inia kitandani, mkono wa kulia, vidole vimekunjika kidogo kama vimeshika kalamu. Mtoto aliyekaa naye jikoni miaka yote akimtazama akitia saini angeweza kuiiga.

Angeweza kuamka akamwamshe. Angeweza kwenda kabatini akazifungue zile simu. Aliwaza mguu upi utangulie, mguu ukakataa. Mwili mzima ulikataa. Kichwa kikaegemea ubao wa mlango, simu ikateleza ikalala mapajani, ufunguo umetulia kifuani, na Mama Mizani, akiwa bado anajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alitia saini karatasi bila kuisoma, akalala.